Windows ikigoma kuwaka, uikarabati au upige upya (ufute uiweke mpya)?

Unawasha mashine inakuletea BOOTMGR is missing, au ile namba 0xc000000f inayolalamikia BCD (faili linaloiambia mashine Windows iko wapi), ukiuliza utaambiwa piga Windows upya tu. Kusema ukweli siwalaumu sana, maana kupiga upya unajua lini utamaliza, ukarabati unaweza kukumalizia jioni nzima na usipate kitu.

Lakini hapo Windows yenyewe mara nyingi iko nzima, kilichoharibika ni mafaili madogo ya kuianzisha, sasa unabomoaje nyumba kisa ufunguo umepotea? Mimi yalinikuta, nikaandika amri ya bootrec /fixboot, ya kurekebisha sehemu ya kuwashia, ikanijibu Access is denied, nikahangaika karibu saa nzima kumbe kwenye ile skrini ya ukarabati herufi za diski zilikuwa zimehama, Windows yangu ilikaa D wala sio C. Nikaandika bcdboot D:\Windows, amri inayotengeneza upya yale mafaili ya kuianzisha, sekunde kadhaa, ikawaka. Programu zangu zote zipo vilevile.

Na kumbuka sakata la CrowdStrike, ile kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, Julai 2024, mashine kama milioni 8.5 zilikwama sababu ya faili moja bovu, linaanza na C-00000291, ukilifuta kwenye Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) umemaliza. Ila hapohapo wanaotetea kupiga upya wana pointi, kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, bila ule ufunguo wa tarakimu 48 hugusi chochote, ukarabati unaishia mlangoni. Afu hiyo sfc /scannow tunayoisifia, amri ya kukagua na kurekebisha mafaili ya Windows, inachukua mafaili mazima kutoka kwenye ghala la Windows yenyewe, sasa ghala likiwa nalo limeoza itakwambia imeona ubovu imeshindwa kurekebisha, hapo ni DISM, amri ya kukarabati ghala lenyewe, na DISM nayo inaweza kukudai mafaili ya Windows ya toleo lilelile. Ikifika huko mi mwenyewe napiga upya, ubishi wa nini.

Kinachonikera ni kwamba pande zote mbili hawaulizi faili liliharibikaje. Kama umeme ulikatika katikati ya apdeti, sawa, karabati. Kama ni mara ya tatu mwezi huu, hiyo ni diski au RAM, hata upige Windows mara kumi itarudi palepale. Na diski inayokufa usianze kuikimbizia chkdsk /r, amri ya kutafuta sehemu mbovu za diski, inasoma diski nzima mwanzo mwisho, unaweza kuimalizia kabisa. Toa data kwanza.