Disrupt sio kusumbua jamani

Hili neno la Kiingereza "disrupt" linatafsiriwa vibaya mpaka basi. Kila nikikutana nalo naona mtu kaweka "kusumbua" kasonga mbele, wakati kusumbua ni "disturb", lile la kwenye kibao cha mlangoni hotelini. Sijawahi kuona hoteli imeandika usini-disrupt.

Disrupt imetoka kwenye Kilatini, rumpere, yaani kuvunja, kupasua. Ukoo mmoja na interrupt, na erupt ya volkano, hata bankrupt imo humohumo. Disturb yenyewe inatoka turba, ghasia za watu. Kwa hiyo disturb inaondoa utulivu, disrupt inakata mwendo, na ili uukate lazima kitu kiwe kilikuwa kinaendelea: mkutano, masomo, safari za ndege. Ukimpigia simu mtu amejikalia tu umemsumbua, basi. Simu hiyohiyo ikiita kwa sauti katikati ya mkutano mpaka msemaji akapoteza alichokuwa anasema, hapo umeuvuruga.

Na kuvuruga ndo neno lenyewe, tunalo siku zote sijui kwa nini tunalikwepa. Kutibua nalo linakaribia, ukitibua mpango wa mtu ni kama maji yalikuwa yametulia we ukapandisha tope juu.

Ila mi kinachonifurahisha zaidi ni hiki. Kiingereza kikisema huduma "were disrupted" huwezi kujua kama kuna mtu kafanya au imetokea tu, sentensi inabeba yote mawili. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Zimevurugika, haya, imetokea, hatutafuti mtu. Zimevurugwa, swali la kwanza ni na nani? Herufi mbili tatu tu hapo zimebadilisha kesi nzima, ndo maana tangazo la kuomba radhi utalikuta na -ika, sio -wa. Mtafsiri asiyeliangalia hilo anaweza kumsafisha mtu mwenye kosa bila kujua, au akamtwisha lawama asiyehusika.

Halafu wakaja watu wa teknolojia wakaligeuza sifa. Lilianzia kwa Clayton Christensen, profesa wa biashara chuo cha Harvard, Marekani; mwaka 1995 yeye na mwenzake Joseph Bower waliandika kuhusu teknolojia zinazoanzia chini, bei rahisi na ubora wa kawaida tu, zikapanda taratibu mpaka zikawang'oa wakubwa. Maana yake ilikuwa finyu kabisa, hadi 2015 Christensen mwenyewe akasema Uber haiingii humo. Nani alimsikiliza? Leo kila mwenye app anasema ana-disrupt soko, hata kama alichobadilisha ni rangi ya kitufe.

Sasa hao ndo nawatakia tafsiri sahihi. Mwambie mtu unayemwomba mtaji kwamba umefungua kampuni ya kuvuruga soko, uone atakavyokuangalia.