Jiji lililokubali kubaki chini ya kilima chake

Ukiitazama Toronto kutoka visiwa vya Ziwa Ontario, unaona jiji lisiloacha kuota. First Canadian Place, lenye ghorofa 72 na mita 298, lilikuwa jengo refu kuliko yote Kanada tangu 1975. Sasa minara inayopanda karibu na ufuko na kando ya Mtaa wa Yonge inaliacha nyuma. Montreal, hasimu wake wa siku zote, ukipima hadi paani, jengo lake refu zaidi ni 1000 de La Gauchetière lenye mita 205. Wanaoyalinganisha majiji haya kwa mita huhitimisha haraka kwamba moja linakua na jingine limedumaa.

Hitimisho hilo linaionea Montreal. Hesabu ya watu na fedha iligeuka katika miaka ya 1970, pale Toronto ilipoipita kwa wakazi na makampuni makubwa yakahamishia ofisi zake magharibi. Chanzo kilikuwa siasa za Quebec, mzozo wa lugha na soko la mitaji. Kumtwisha mpangaji wa mji mzigo huo ni kutafuta mkosaji wa karibu.

Mpangaji huyo alichofanya ni kuweka dari: paa lisivuke mita 232.5 juu ya usawa wa bahari, kimo cha Mount Royal, kilima kilicholipa jiji jina lake. Kwa kuwa kipimo kinaanza baharini, si kwenye msingi wa jengo, 1250 René-Lévesque, ambalo ni fupi kuliko 1000 de La Gauchetière, nalo limegota darini kwa sababu limesimama kwenye ardhi iliyoinuka. Anayetaka urefu zaidi hushuka bondeni kutafuta kiwanja. Kwa hiyo umbo la ardhi bado linasomeka katika umbo la jiji, na macho ya anayekuja kwa mbali bado hutua kwanza kwenye kilima.

Wapinzani wana hoja, na si ndogo. Dari moja kwa wote huzaa mapaa yaliyolingana kama meza, kwa kuwa kila mwekezaji hujenga hadi mita ya mwisho anayoruhusiwa. Singapore inalijua hilo: kwa miaka mingi urefu katikati ya jiji ulikomea mita 280 kwa ajili ya njia za ndege, na minara yake mitatu mikubwa yote ikasimama hapohapo, huku jirani yake Kuala Lumpur ikipandisha Petronas hadi mita 452 mwaka 1998 na Merdeka 118 hadi karibu mita 679. Kuna pia hoja ya bei. Ardhi ya katikati ni ghali, na usiporuhusu watu warundikane juu, utawasukuma pembezoni na kuwalipisha kwa saa za safari. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa kuwa inamhusu mpangaji chumba, wala si mpenda picha.

Ila ina tundu. Paris, baada ya Tour Montparnasse kufika mita 210 mwaka 1973, iliweka kikomo cha mita 37 mwaka 1977, ikakilegeza baadaye, kisha ikakirudisha mwaka 2023. Pamoja na hayo, ndani ya mipaka yake wanaishi watu wapatao 20,000 kwa kila kilomita ya mraba, msongamano ambao majiji mengi yenye minara hayaukaribii. Nyumba za ghorofa sita au saba zilizobanana zinaweza kubeba umati. Ni kweli kwamba Paris ni ghali, na kwamba ofisi zake ndefu zilihamia La Défense, mtaa wa minara nje kidogo ya mipaka yake. Lakini kusema kwamba bila minara hakuna nafasi ni kusema lisilo kweli.

Tena, urefu wenyewe mara nyingi haumpi mtu nafasi. Mwaka 2013 baraza la kimataifa la majengo marefu, lenye makao yake Chicago, lilipima sehemu ya kila jengo iliyo juu ya ghorofa ya mwisho inayotumiwa na watu. Katika Burj Khalifa ya Dubai, mita 244 kati ya 828 zilikuwa hazina mtu. Namba hiyo nimeirudia mara nyingi na bado inanishangaza. Ukiikata ncha hiyo tupu na kuisimamisha katikati ya Montreal, ingelizidi jengo refu zaidi la jiji hilo kwa mita 39, na hakuna mtu ambaye angekuwa na dawati wala kitanda ndani yake. Haki ya Dubai nayo isemwe: ncha ile inalikamilisha umbo la jengo, na jina la mnara liliuza viwanja na nyumba za mtaa mzima unaouzunguka. Basi tuiite gharama ya kutangaza jiji. Tukiihesabu kama ukuaji, tunajumlisha hewa.

Mwaka huohuo baraza hilo liliamua kesi ya majiji mawili makongwe ya minara, New York na Chicago. Paa la One World Trade Center la New York liko mita 417. La Willis Tower ya Chicago, lililomalizwa miongo minne kabla, liko mita 442. Baraza likaamua kwamba mlingoti wa New York ni sehemu ya usanifu, si antena, jengo likafika mita 541 na taji la jengo refu zaidi Marekani likahama. Meya wa Chicago, Rahm Emanuel, alipinga hadharani. Nani aliyekuwa sahihi si hoja yangu. Ninachokiona ni kwamba mkazi wa Chicago alilala na kuamka akitazama anga ileile.

Kikomo kizuri, kwa upande wake, huonekana barabarani. The Leadenhall Building la London limeinamishwa upande mmoja ili lisilizibe kuba la kanisa kuu la St Paul's kwa anayelitazama kutoka Fleet Street. Msanifu alinyimwa mstari wima, naye akatoa umbo ambalo hakuna jiji jingine lingelihitaji. Hapo ndipo dari ya Montreal inapodai marekebisho: ikiwa na mianya ya kuona badala ya kimo kimoja kwa wote, wajenzi wangepata pa kupanda na pa kuacha wazi, na ile meza ya mapaa ingevunjika bila kukifunika kilima.