Kichujio kipana au chembamba kwa anga lenye mvuke?

Usiku wa kaskazi, ukisimama ufuoni Shela, Lamu, Kilimia unakiona waziwazi, ukadhani baina yako na nyota hakuna kitu. Kuna mvuke wa maji, na mbele ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, mvuke huo ni ukuta. Umeacha madirisha machache: karibu na urefu wa wimbi wa maikromita 1.25, 1.65 na 2.2, yanayoitwa J, H na K. Ubishi wa wabunifu wa vichujio, vioo vya darubini vinavyopitisha sehemu fulani tu ya mwanga, ni huu: kichujio kijaze dirisha zima, au kikae ndani yake bila kugusa kingo?

Wanaotaka kipana wana hoja nzito. Nyota hafifu ina mwanga kidogo, na anayesaka kilichojificha ndani ya vumbi halaumiwi akiutaka wote.

Lakini kingo hizo hazitulii. Mvuke ukizidi, dirisha husinyaa. Kichujio cha J cha miaka ya 1960 kilivuka hadi kingoni, basi nyota ileile ingeweza kutoa namba tofauti leo na kesho, nayo haijabadilika. Wakamuao nazi wanajua: kifumbu kikilegea tui huwa jingi, na chicha imo. Mwaka 1994 wanaastronomia Young, Milone na Stagg walipendekeza vichujio vilivyobanwa, ili vipimo vya vituo mbalimbali vilingane. Mwaka 2002 vikachapishwa vya mlima Mauna Kea, Hawaii. J yake huanzia maikromita 1.17 na kuishia 1.33. Ikiwa kileleni huko, zaidi ya mita 4,200 na hewa kavu, walihitaji kubana, sembuse sisi tulio usawa wa bahari!

Setelaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka Ngomeni, Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, haikuwa na shida hii. Ilipima eksirei, ambazo hewa huzizuia zote, kwa hiyo ilibidi kutoka nje. Infraredi hupita nusunusu, ndiyo maana tunabishana.

K ina adui mwingine, joto. Kuelekea maikromita 2.3 na kuendelea, darubini yenyewe na hewa huanza kung'aa. Upimaji wa anga zima uitwao 2MASS, 1997 hadi 2001, uliikata K yake hapo.

Darubini ndogo ikiwekwa Lamu kwa wanafunzi, ningechagua J na H nyembamba. Mwanga uliopungua hufidiwa kwa kupiga picha muda mrefu zaidi. Namba iliyoharibiwa na mvuke haifidiki hivyo. K ningeiacha, kwa kuwa joto la usiku wetu lingeijaza picha kabla ya nyota.