Mkutano wa Moshi 1979: tuanze masjala au telegramu za wageni?

Kuanzia Machi 24 hadi 26, 1979, wapinzani wa Idi Amin walikutana Moshi wakaunda UNLF, muungano wa kumng'oa Amin, mwenyekiti akiwa Yusuf Lule. Wiki mbili baadaye Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda. Je, mkutano ule ulikuwa wa Waganda wenyewe, au Dar es Salaam ndiyo iliyoshika usukani?

Wapo wanaoshikilia kwamba jibu liko nyumbani, Tanzania. Sheria ya kumbukumbu ya 2002 inaruhusu nyaraka za serikali kusomwa zikifikisha miaka 30, kwa hiyo za 1979 zimeshaiva. Zimeiva kwenye karatasi. Jalada ambalo halijatoka masjala ya wizara kwenda Nyaraka za Taifa haliko kwenye orodha, na huwezi kuagiza kisichoorodheshwa. Hata ukiwa na kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, majalada ya ulinzi yana mlango wake. Afadhali kuulizia majalada ya mkoa: magari, vyakula, malazi. Aliyegharamia mkutano huacha stakabadhi.

Wengine hukimbilia nje, na wana sababu. Telegramu za kibalozi za Marekani za 1973 hadi 1979 zinasomwa bure kwenye hifadhidata ya mtandaoni ya Nyaraka za Taifa za Marekani, iitwayo AAD. Andika “Lule” na “Moshi”, bana tarehe kati ya Februari na Aprili 1979, kisha rudia kwa alama za nchi, UG na TZ. Ukikuta kadi tu badala ya maandishi, yaani telegramu imeondolewa, nakili namba ya telegramu. Ndiyo utakayoombea nakala. Majalada ya Uingereza yako Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za huko, kundi FCO 31 la wizara ya mambo ya nje.

Ila Marekani ilifunga ubalozi wake Kampala 1973, na Uingereza ikavunja uhusiano 1976. Waliyoandika kuhusu Uganda yalitoka zaidi Nairobi na Dar es Salaam, mengi ya kusikia. Telegramu tatu zinazokubaliana huenda zimenywa kisima kimoja. Na ofisa wa Tanzania anayenukuliwa humo alikuwa akisema alichotaka Washington isikie, maana katiba ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikataza kuingilia mambo ya nchi nyingine.

Kwa hiyo telegramu zitumike kama ramani: chukua tarehe na majina, urudi nayo masjala. Kitu cha kuwinda ni orodha ya walioalikwa. Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, alikuwa akiishi Tanzania, na Moshi hakufika.