Ukiwasha AC kwenye gari ndogo, umebadilisha gari

Kuna maneno nimeyasikia mpaka nimechoka, kwamba gari ndogo haifai kuwashwa AC, eti injini ya cc 1000 ukiibebesha kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, inakuwa kama punda aliyezidishiwa mzigo, na ukitaka kupanda mlima au kuovateki basi zima AC, fungua vioo, vumilia. Mi naendesha gari ndogo, cc 1000, silinda 3, gia za mkono, mwaka wa ngapi sijui huu, na jua likiwa kali AC nawasha karibu kila siku, na ninachotaka kusema leo ni kwamba hayo maneno yana ukweli nusu. Gari inabadilika kweli kweli, asikudanganye mtu. Ila watu wanaiendesha ikiwa na AC vile vile wanavyoiendesha ikiwa haina, halafu lawama yote inaenda kwa injini.

Nianze na mlima. Tulikuwa watu wanne ndani, shangazi yangu amekaa nyuma, mizigo imejaa kwenye buti, feni ya AC iko namba 3 maana mchana ule ulikuwa unachoma. Mlima wenyewe una kona kali katikati, ukifika pale lazima upunguze mwendo, na ukishaimaliza kona ndo mwinuko unaanza hasa. Nikaingia na gia ya tatu kama nilivyozoea nikiwa peke yangu, mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ukashuka mpaka karibu na 1300, nikakanyaga mafuta, gari haikufanya kitu. Yaani mguu unashuka, injini inanguruma ile sauti nzito ya chini, usukani unatetemeka, na mwendo unazidi kupungua. Mara ikaja ile "tak" ya kompresa kushika, nikaisikia kabisa mpaka kwenye sakafu chini ya miguu, na gari ikazidi kuzama kama vile kuna mtu kaikamata bampa kwa nyuma. Shangazi akauliza, "Mwanangu, imezimika?" Nikamwambia hapana shangazi, nikakanyaga klachi, nikarudisha gia ya pili, mshale ukaruka juu na gari ikapanda. AC sikuizima. Hapo ndo nilianza kulifikiria hili jambo vizuri, kwa sababu sekunde tatu kabla ya hapo ningeapa kwamba injini imefika mwisho wake.

Kwa asiyejua, kompresa ya AC kwenye gari nyingi za mafuta haina mota yake, inazungushwa na injini hiyo hiyo kwa mkanda. Mbele yake kuna klachi ya sumaku, umeme ukiingia sahani inavutwa na kugandana na puli, ndo hiyo tak, umeme ukikatika sahani inaachia na puli inabaki inazunguka bure. Ukitaka kuona kwa macho yako fungua boneti injini ikiwa inawaka, weka mikono na nguo mbali na mkanda, mwambie mtu abonyeze kitufe cha AC. Utaona puli inazunguka lakini kitovu chake cha katikati kimesimama tuli, halafu ghafla kinashika na vyote vinazunguka pamoja, sekunde hiyo hiyo injini inazama kidogo, kompyuta ya gari inaiongezea hewa na mafuta, inajiinua, na feni ya mbele inaanza kulia. Huko kuzama ndo kule unakokusikia kwenye kiti ukiwa umesimama kwenye taa. Mi nakupenda kuangalia, kwa sababu ukishakuona mara moja hutasema tena AC inatumia umeme tu kama redio. Na hiyo klachi tuishukuru sana, maana Packard walipoleta gari ya kwanza kutoka kiwandani na AC, mwaka 1939 huko Marekani, kompresa yake haikuwa na klachi, ukitaka kuizima ilibidi uzime injini, ushuke, ufungue boneti utoe mkanda.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba tuelewane taratibu. Kompresa ya gari ndogo ikiwa inafanya kazi ngumu inachukua kama hospawa (nguvu za farasi) 3 mpaka 5. Kwa injini ya cc 3000 hizo ni chenji, dereva hata hajui. Kwa cc 1000 isiyo na turbo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), kitabu cha gari kitakwambia ina hospawa karibu 70, lakini hizo 70 zinapatikana kwenye RPM kama 6000 huko, ambako hakuna mtu anakaa akienda kazini. Kwenye RPM 1500, hata ukikanyaga mpaka chini, injini ya aina hiyo inakupa kama 15 hivi. Toa 4 za kompresa, zaidi ya robo imeondoka. Panda mpaka RPM 3000, unapata zaidi ya 35, toa hizo 4, gari inaendelea. Ni kweli kompresa nayo ikizungushwa haraka inakula zaidi pale inaposhika, lakini joto la kutoa ndani ya gari ni lile lile, kwa hiyo inamaliza kazi mapema na kukatika, wakati kule RPM za chini inang'ang'ania muda wote bila kuachia. Kwenye vile vigari vya Kijapani vya cc 660 bila turbo, ambavyo vina hospawa kama 50 tu kwa ujumla, hesabu inabana zaidi, ila kanuni ni ile ile. Kwa hiyo mtu anayesema gari yake haiwezi AC, mi swali langu la kwanza ni moja, ulikuwa RPM ngapi?

Na watu wengi jibu hawana, kwa sababu tumefundishwa kuwa kuendesha kwa RPM za chini ndo kubana mafuta, kwa hiyo mtu anawahi gia ya nne kwenye spidi 40, kaweka AC, kabeba watu, halafu anashangaa gari haivuti. Gari ndogo ukishawasha AC inataka gia moja chini ya ile uliyozoea. Kama ni otomatiki usiogope kuzima OD, ile gia ya juu ya kubana mafuta, au kuweka gia kwenye S au 2 ukiwa kwenye mlima, vimewekwa pale vitumike.

Lakini kusema kweli kinachochosha kuliko mlima ni kushika na kuachia. Uko kwenye barabara yenye mwinuko mdogo, mguu umetulia, spidi 60, kompresa inaachia, gari inapata wepesi na kusogea mbele yenyewe, unapunguza mguu, baada ya muda tak, inazama, unaongeza mguu, na hivyo hivyo safari nzima, mguu wako umekuwa kama unashona cherehani. Gari mpya nyingi zina kompresa zinazojipunguza na kujiongeza zenyewe bila kukatika, hizo ni tulivu zaidi, ila gari ndogo za zamani kidogo ndo hivi. Ukiwa hujui unadhani gari ina misi, yaani injini inarukaruka kuwaka, unakwenda kubadilisha plagi.

Pale ninapoomba watu wawe makini kweli ni kuingia barabara kubwa. Umesimama, unaangalia nafasi kati ya gari mbili, unaipima kwa ule wepesi unaoujua, unaingia, na kompresa inashika wakati uko katikati na gia ya kwanza inaisha. Ile nusu sekunde ya gari kusita ni ndefu sana ukiwa umempa ubavu mtu anayekuja mbio. Gari nyingi zimetengenezwa ukikanyaga mafuta mpaka mwisho kompyuta inakata kompresa kwa sekunde chache ili injini ipumue, ila ukikanyaga nusu kwa woga haikati, unabaki na mzigo wote. Kwa hiyo mi nafanya mawili, ama nabonyeza AC kuzima sekunde chache kabla ya kuingia, ama napima nafasi kwa ile gari nzito, yenye AC. Kamwe sipimi kwa ile nyepesi. Kuovateki ndo kabisa, kama nafasi inatosha tu AC ikiwa imezimwa basi kwangu hiyo sio nafasi.

Wale wa zima AC fungua vioo nawaelewa, kwenye spidi ndogo za mtaani vioo ni sawa kabisa na havikugharimu kitu. Ukishafika barabara kuu upepo unaoingia unaivuta gari nyuma, na kelele ndani ya gari ndogo ni za kupasua kichwa. Halafu kuna joto lenyewe. Dereva aliyekaa saa tatu kwenye joto kali, jasho linaingia machoni, kachoka na kukasirika, anafanya maamuzi mabaya, na hilo mi naliona ni hatari kubwa kuliko hizo hospawa 4. Na mvua ikinyesha kioo cha mbele kikaweka ukungu, AC ndo inakausha hewa, ukielekeza kwenye kioo kinasafika upesi sana. Ukimzoesha mtu kwamba AC ni adui wa gari ndogo, siku hiyo ataendesha anafuta kioo kwa kiganja.

Ila kuna AC inayokula kuliko inavyostahili, na hapa nina uchungu. Kuna kipindi gari yangu ilikuwa inazimika kwenye taa nikiwasha AC, injini inashuka, inatetemeka, kimya. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, hakupima chochote, akasema gesi imepungua, akaongeza, nikalipa nikaondoka, hali ikawa mbaya zaidi, na ubaridi ukapungua badala ya kuongezeka. Fundi wa pili alifunga geji kwanza, akanionyesha presha iko juu kupita kiasi, akapunguza ile gesi na kuirudisha kwa uzito ulioandikwa kwenye stika chini ya boneti, gramu kwa gramu. Halafu akanionyesha kondensa, lile wavu linalokaa mbele ya rejeta. Mapezi yake yalikuwa yamezibwa na vumbi lililogandana na mabawa ya wadudu, hewa ingepita wapi? Akaliosha kwa maji ya taratibu ili mapezi yasilale, maji yakatoka ya kahawia kama chai ya maziwa, muda mrefu tu mpaka yakawa meupe. Kondensa likishindwa kutoa joto presha inapanda, kompresa inakuwa ngumu kuzungusha, na mzigo wote unarudi kwa injini yako ndogo. Mwisho akafungua throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ndani nyeusi kwa masizi, akaisafisha, kwa sababu injini ikiwa haipati hewa ya kutosha ikiwa imesimama haiwezi kujiinua kompresa inaposhika. Hakubadilisha kifaa hata kimoja. Naumia nikifikiria wangapi wameuza gari nzuri wakiamini injini imechoka kumbe ni uchafu na gesi ya kukisia.

Mafuta nitasema kidogo tu. Inakula, ndiyo. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kwenye joto kali AC inaweza kuongeza ulaji kiasi kwamba umbali unaopata kwa lita unashuka kwa zaidi ya asilimia 25, hasa safari fupi, na sababu ya safari fupi inaeleweka, gari imekaa juani imekuwa tanuri, kompresa inafanya kazi kwa nguvu zote, na kabla haijatulia umeshafika. Ndo maana mi nikiingia kwenye gari iliyochomwa na jua nashusha vioo vyote kwanza, naenda kama dakika moja hivi hewa ya moto itoke, ndo nafunga na kuwasha, nikiweka kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kupoza hewa ambayo tayari imepozwa ni kazi ndogo kuliko kupoza ya nje kila sekunde.

Na kitu kingine wengi hawakijui, kwenye gari nyingi ndogo za kawaida ile swichi ya joto na baridi ukiisogeza kidogo upande wa joto hupunguzi kazi ya kompresa, unachanganya tu hewa ya moto kutoka kwenye hita na ile ya baridi ambayo injini imeshaigharamia. Baridi ikizidi punguza feni. Hewa kidogo inayopita inapoa haraka, kompresa inakatika mapema, na mguu wako utausikia huo wepesi.

Juzi nimepita tena mlima ule, watu wanne, mizigo, jua lile lile. Feni niliirudisha namba 1 tukiwa bado tambarare, gia ya pili nikaiweka kabla ya kona na sio baada, nikatoka kwenye kona mshale uko 2800, na tak ikaja katikati ya mwinuko, nikaisikia, gari ikaendelea kupanda tu. Shangazi alikuwa amelala.