Mnaosafiri na Makundi, Mna Roho za Chuma

Mtu akikuuzia safari na kukwambia "kila kitu kimo ndani", muulize kama na usingizi umo. Haumo. Mimi ni Mtanga, naishi Kampala miaka mingi, nauza vipuri Kisenyi, na duka langu linafunguliwa nikifika. Halafu nakwenda kutoa pesa yangu halali ili mtu nisiyemjua anipigie simu usiku wa manane kunikumbusha kwamba gari linaondoka saa kumi na moja kamili. Kamili! Hilo neno mjini hapa halitumiki hata kwenye harusi.

Na liliondoka saa kumi na moja? Thubutu. Tulikaa ndani ya lile gari la paa la kufunguka, mikanda imefungwa, tukimngoja kijana mmoja wa Ntinda aliyesahau kiatu nyumbani. Kiatu kimoja! Mtu anasahauje kimoja? Kikafuatwa na boda, boda akadai nyongeza kwa sababu mvua imeanza, kijana akasema hana chenji, kiongozi wa msafara akalipa. Mimi nikaangalia saa tu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kusini-magharibi ya Uganda, mbuga ya Queen Elizabeth kisha msitu wa Bwindi kuwaona gorila, wale sokwe wakubwa. Aliyetaka kundi ni Mama Zubeda, mke wangu. Mimi nilitaka twende wenyewe: basi la Kabale, begi moja, tunashuka tunapotaka. Akaniuliza, "Baba Zubeda, ukishashuka unapotaka, utalala kwa nani?" Nikasema Mungu yupo. Akasema Mungu yupo, lakini yeye anataka kitanda chenye neti. Basi, hoja ikaishia hapo, pesa ikatoka.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye picha zao za matangazo. Kundi halisafiri kwa kasi ya gari. Kundi husafiri kwa kasi ya kibofu cha mtu mmoja. Kwetu sisi kibofu kilikuwa cha Mwalimu, mzee mstaafu wa Jinja, mtu mwenye heshima zake na chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haikai pembeni. Kabla ya Mpigi tumesimama. Baada ya Mpigi tumesimama. Kila tukisimama, wale dada wawili wa Kisumu wanashuka kupiga picha, na kila wakipiga picha kijana wa kiatu anaanza kutafuta sigara. Kumkusanya mmoja ni kumpoteza mwingine.

Tukafika Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta. Pale kuna vijana wenye mabeseni na ua dogo la kuelea. Wanamimina maji upande wa kaskazini, yanazunguka hivi. Wanahamia kusini hatua chache, yanazunguka vile. Kwenye mstari wenyewe yanashuka wima. Watu wakapiga makofi. Mwalimu hakupiga. Kumbe alifundisha fizikia, akaninong'oneza nitazame mkono wa yule kijana wakati anamimina. Nikautazama. Upande huu anamimina kwa kulia, upande ule kwa kushoto, pale kati anamimina taratibu katikati. Mwalimu akasema mzunguko wa dunia upo kweli na ndio unaoelekeza vimbunga vikubwa, lakini kwenye beseni la kunawia mikono nguvu yake haionekani, kinachoonekana ni kiganja. Nikafurahi mno! Nikataka kukaa pale, nimwombe kijana anipe beseni nijaribu mwenyewe, hata kwa kumlipa. Ningekuwa na safari yangu ningekaa mpaka adhuhuri.

"Mabibi na mabwana, dakika kumi zimekwisha!"

Hizo dakika kumi za ikweta. Lakini za duka la vinyago lililo ng'ambo ya barabara zilikuwa arobaini. Usiniulize kwa nini. Wewe uliza nani anapata kamisheni.

Hayo yote ningeyasamehe. Lukaya sisamehi. Wewe msomaji uliyewahi kupita barabara ya Masaka unaijua Lukaya: gari likipunguza mwendo tu, vijana wenye makoti wanakimbia nalo, mishikaki ya kuku imesimama juu kwa mafungu, gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, zinatoa moshi mtamu, soda, maji, vyote vinaingia dirishani kabla hujaulizwa. Unashika kuku, unatoa pesa, gari linaanza kuondoka, chenji inakufuata mbio. Hiyo ndiyo Uganda ninayoipenda. Ukiwa kwenye basi, Lukaya inakuja kwako.

Kiongozi wetu akafunga madirisha. Eti kwa usalama wa matumbo yetu. Tukapita Lukaya tukiwatazama wale kuku kwa nyuma ya kioo, na wao vijana wakigonga kioo, "Ssebo! Ssebo! Kuku!" Halafu mbele kidogo tukagawiwa chakula cha kisanduku: yai la kuchemsha, ndizi moja, mkate uliobanwa na kitu cheupe, na juisi ya mrija. Mimi mtu mzima, mwenye mke na duka, nanyonya mrija. Mama Zubeda akaniambia nisinune mbele za watu. Sikuwa nanuna, nilikuwa naomboleza kuku.

Kijana wa kiatu ndiye aliyeanzisha ubishi njiani. Akasema msafiri wa kweli huenda peke yake, haya mambo ya makundi ni ya watu waoga, tazameni wavumbuzi wa zamani. Mwalimu akageuka na kiti chake. Akamuuliza, mvumbuzi gani? Kijana akasema, kwa mfano Speke, yule Mwingereza aliyeona chanzo cha Mto Nile.

Ee Mwenyezi Mungu. Mwalimu ni wa Jinja, penye chanzo chenyewe, unamtajia Speke! Tulisomeshwa mpaka Mbarara. Speke alifika pale Julai 1862, lakini hakufika na begi mgongoni. Alikuja na msafara mzima kutoka Zanzibar, wapagazi, walinzi, na mkubwa wa wasaidizi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi huku na Kihindustani mdomoni, na ndicho walichozungumza na Speke. Huyo ndiye aliyekuwa akigeuza Kiswahili cha njiani kuwa maneno ya bwana mkubwa. Walipofika Buganda, wakakaa miezi kwa Kabaka Muteesa wakingoja ruhusa ya kuendelea, na walipoipata walipewa pia watu wa Kabaka wa kuwaonyesha njia. Yaani mto walionyeshwa! Na maporomoko ambayo Speke aliyapa jina la Ripon leo hayapo juu ya maji, yalimezwa baada ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954.

Kwa hiyo hata huyo alikwenda na kundi lenye kiongozi. Mimi kilichonigusa zaidi ni kule kungoja miezi. Nikamtazama kijana wa kiatu, nikaona kwamba kumbe amenichelewesha kidogo sana.

Queen Elizabeth nitapita haraka kwa sababu na sisi tulipita haraka. Tulipanda boti kwenye mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, viboko wengi, nyati wamelala kwenye tope, tembo wamekuja kunywa, na hapo nakiri kiongozi alijua kazi yake, kila ndege alimtaja kwa jina. Ningekwenda peke yangu ningesema "ndege", basi.

Vituko vilikuwa Ishasha, kusini ya mbuga hiyo. Ishasha inasifika kwa simba wanaopanda miti, wanalala juu ya matawi ya mkuyu miguu inaning'inia. Tuliwakuta simba kweli, lakini chini, kwenye majani, wamelala kama watu wasiodaiwa. Mwalimu akamgeukia kiongozi: "Bwana, mbona simba wako wako chini?"

Simba wake! Na yule kiongozi, jamani, akaomba radhi. Akasema asubuhi walikuwa juu. Mama Mwalimu akauliza kwa nini basi hatukuletwa asubuhi. Dada mmoja wa Kisumu akasema yeye alishaambiwa watakuwa mtini, amewaahidi watu nyumbani. Nami, sijui nini kilinipata, nikajikuta nasema, "Hata mvua ya jana hukutuambia." Nikajisikia vizuri sana. Kitu kilichokuwa kimenikwama tangu Lukaya kikashuka.

Bwindi nako hakuna ubishi wa kundi au peke yako, kwa sababu hutaki kundi, utapewa. Tulimkuta Mzungu mmoja Buhoma aliyekuja mwenyewe kwa mabasi na boda tangu mpakani, vumbi mpaka kwenye nyusi, anajisifu kwamba hajatumia kampuni yoyote. Vizuri. Asubuhi akapangwa na watu wengine saba nyuma ya askari wa mbuga, kwa sababu familia moja ya sokwe wakubwa hupokea wageni wanane tu kwa siku, kwa saa moja, na hakuna aingiaye msituni bila mwongozaji. Ukiwa na mafua unarudishwa. Ukiwa chini ya miaka kumi na mitano huendi. Kibali yeye alilipa dola 800, karibu milioni tatu za hapa. Sisi wa Afrika Mashariki ni shilingi 300,000. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akanyamaza kwa muda, nami nikamgawia ndizi yangu ya kisanduku.

Wanaotaka kwenda wenyewe nawapa bure jambo hili: kibali kina upande wake. Msitu una pande nne za kuingilia, Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kibali cha Rushaga hakikusaidii kitu ukiwa umelala Buhoma, maana barabara inauzunguka msitu milimani kwa masaa. Jamaa yangu wa Kisenyi alikata cha upande mmoja akachukua chumba upande mwingine kwa sababu chumba kilikuwa rahisi. Alipotokea na boda lake wenzake walishaingia msituni. Sokwe hakumwona, na pesa hakurudishiwa.

Na sokwe wenyewe? Tulitembea, tukateleza, tukachomwa na upupu, Mwalimu akakodi vijana wa kumsukuma mlimani, na chupa yake ikabebwa na mwingine. Tukawakuta. Dume mwenye mgongo wa fedha amekaa, anakula majani, hatutazami hata. Akainuka, familia nzima ikainuka. Akaenda, wakaenda. Hakuna aliyesahau chochote. Nikamwangalia kiongozi wetu, naye akainamisha macho.

Baada ya hapo wenzangu wakaendelea Ziwa Bunyonyi, mimi nikaitwa dukani, kuna mzigo umekuja. Nikarudi kivyangu kutoka Kabale. Hatimaye uhuru! Nikafika stendi nikaambiwa panda upesi, bado mtu mmoja tu gari lijae. Nikapanda. Viti vyote vina watu. Nikakaa, wakaanza kushuka mmoja mmoja, kumbe ni vijana wa pale pale, kazi yao kukalia viti ili gari lionekane limejaa. Tukabaki mimi, bibi mmoja na jogoo wake. Nikangoja mpaka nikajua jina la jogoo.

Tulipoondoka jua lilikuwa utosini. Redio juu, kiti kimevunjika mgongo, mtoto wa jirani amelala kwenye bega langu na mate yake. Lukaya nilifika usiku, nikanunua kuku wawili, na nawahakikishia kuku walikuwa kama nilivyowaota. Lakini kabla ya hapo gari liliharibika karibu na Lyantonde, tukakaa gizani, mimi muuza vipuri nikijua kabisa kilichokatika ni mkanda wa feni na kwamba ninao dukani. Nikataka kulalamika. Nikatazama huku na huku. Nimlalamikie nani? Konda? Ukimlalamikia konda anakwambia, "Ssebo, shuka utembee." Dereva yuko chini ya gari. Bibi amelala, jogoo kanitumbulia macho. Nikaimeza hasira yangu nzima, bila hata yule wa kuniomba radhi kwa sababu simba hawakupanda mti.

Hapo nikaelewa zile pesa zinakwenda wapi. Chumba unaweza kukitafuta mwenyewe, kibali utakikata mwenyewe pale Kamwokya, ofisi ya wanyamapori, basi lipo, kuku wapo. Lakini binadamu wa kukaa karibu nawe kutoka alfajiri hadi usiku, anatabasamu, na kila kibaya chini ya jua ni kosa lake, huyo hapatikani stendi. Huyo analipiwa. Na bahasha ya asante mwishoni, ambayo niliipinga sana, sasa naona tulimpa kidogo.

Mama Zubeda karudi na kamba wa kuliwa wa Ziwa Bunyonyi na habari ya safari nyingine, kundi la Jinja, chanzo cha Nile, Mwalimu naye yumo. Akanikaribia kwa upole akidhani nitakataa. Nimeuliza jambo moja tu, kama kiongozi ni yule yule. Ni yule yule. Nimeshalipia kiti cha mbele, nyuma yake kabisa, asije akasema hakunisikia.