Turubai la siku mbili

Mama yangu kule Tanga hajaelewa mpaka leo. Kila nikimwambia kwenye simu kwamba wikiendi tunakwenda pwani ya Norfolk na karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, huuliza swali lilelile: "Mwanangu, nyumba unayo, sasa unakwenda kulala kwenye gari kwa kulipa?" Siku nilipomwambia kwamba mbele ya karavani tunafunga na turubai, akashtuka. "Kuna msiba gani huko?"

Ana haki ya kuuliza. Kwetu turubai likifungwa uwanjani pana harusi, au maulidi, au mtu kafariki, na watu watakuja bila kuitwa. Hapa Uingereza turubai la karavani ni la watu wanne na viatu vyao vyenye tope, na jirani kawekwa mita sita kutoka kwako kwa sababu ya usalama wa moto.

Naandika haya kwa sababu ndugu zetu kadhaa huku wameanza kununua karavani, na wote wanaanza na kosa lililonigharimu mimi: kununua turubai kubwa kwa safari ya siku mbili. Sisi watu wa mji wa waja leo waondoka leo, tulipaswa kujua.

La kwangu nililinunua kwa mtu kwa pauni 90, lile la kuziba ubavu mzima. Karavani niliipima urefu kwa hatua zangu, nikaridhika. Kumbe hayapimwi hivyo. Unaanza chini kwenye nyasi, unaufuata ule mfereji mwembamba wa ukingoni mwa paa, unapanda nao mbele, unapita juu, unashuka nao nyuma mpaka kwenye nyasi tena. Jumla ya sentimita hizo ndiyo saizi yako. La kwangu lilizidi kiasi cha nusu mita, likaning'inia kama kanzu ya kuazima.

Na kulifunga je? Mfuko mzima wa mabomba ya chuma, karatasi ya maelekezo imepotea, manyunyu yanatudondokea. Mama watoto anavuta kitambaa kwenye mfereji, mimi nimepanda juu ya ndoo nasukuma, kimekwama katikati hakiendi mbele wala nyuma. Saa nzima na zaidi. Mzee wa karavani ya pili akatoka, hakusema neno, ana mshumaa mkononi. Akausugua kwenye ule uzi mnene wa ukingo wa kitambaa, na kitambaa kikateleza kama kimepakwa mafuta. Tukamkaribisha chai, akashukuru, akarudi kwake akafunga mlango. Nampenda yule mzee, lakini Tanga asingeondoka hivihivi. Vijana kumi wangelifunga turubai maji ya chai hayajachemka, na kazi ingekuwa kuwazuia wasile pilau yote.

Tabu yenyewe hasa ilikuja Jumapili. Safari ya wiki mbili unaweza kungoja jua likaushe turubai ndipo ulikunje. Ya siku mbili huna nafasi hiyo: saa za kuondoka zimefika, mvua inanyesha, unalikunja hivyohivyo na maji yake. Ukilisahau kwenye mfuko, linaota kuvu, na harufu ile haitoki. Kwa hiyo siku tatu turubai lilitanda kwenye ngazi za nyumba yetu, mguu mmoja bafuni, watoto wanapita chini yake kwenda kulala. Kwetu ungelitupa juu ya ua saa nne asubuhi, saa tano limekauka kau.

Sasa nina kivuli tu: kipande chepesi cha poliesta kinachoingia kwenye mfereji uleule, fito mbili, kamba nne, vigingi. Dakika kumi. Upepo ukivuma nakishusha, na pwani ya Norfolk huvuma bila kubisha hodi. Huku hakuna kaskazi wala kusi ya kukuambia uko mwezi gani. Mwenye watoto wadogo achukue kibaraza chenye kuta, kile kifupi cha mlangoni tu. Hicho hakihitaji kipimo cha kuzunguka. Angalia mfereji uko juu kiasi gani kutoka chini, vingi vimeshonwa kwa sentimita 235 hadi 250, na uhakikishe ukingo wa kitambaa hauangukii katikati ya dirisha. Vya kujaza upepo kwa pampu vinasimama upesi, ila uzito wake unauhesabu kwenye mzigo wa karavani, na mfuko wake utakuvunja mgongo. Mkeka wa chini chagua wenye matundu, maana kambi nyingi hazitaki uzibe nyasi zao. Zinataka zipumue. Mama nilimficha hilo.

Jambo moja silifanyii mzaha. Enzi za lile turubai kubwa shemeji yangu alitutembelea, mvua ikaanza na mishikaki bado mibichi. "Shemeji, tuliingize jiko humu barazani, tuache upenyo kidogo." Nikakataa, akanuna. Lakini sote tumekulia kwenye habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na turubai ni chumba kama chumba kingine. Hata jiko lililozimika, mkaa ukiwa bado wa moto, linabaki nje. Mishikaki tuliimalizia kwenye kikaango.

Lile kubwa nimelitia kwenye kontena, linakwenda Tanga. Mama anasema litafaa kwa watoto wa madrasa. Nikamweleza kwamba upande mmoja halina ukuta, lazima liegemezwe kwenye kitu.

"Ukuta wa nyumba si upo?" akasema. "Lilete."